Makato ya posta katika taarifa ya kadi

Makato ya posta katika taarifa ya kadi ni malipo yanayoonekana kwenye orodha ya miamala ya kadi ya benki yakiwa na jina la shirika la posta, kampuni ya vifurushi au muuzaji wa stempu kwa njia ya mtandao. Mara nyingi mwenye kadi hayatambui, kwa sababu jina limefupishwa, kiasi ni kidogo, au muamala ulifanywa na mtu mwingine wa familia kwa kadi hiyohiyo. Baadhi yake ni halali na yanaeleweka baada ya dakika chache za kufuatilia. Mengine ni dalili ya kwanza ya wizi wa kadi au wa barua.

Kwa Tanzania jambo hili ni la karibuni. Kwa miaka mingi huduma za posta zililipiwa kwa fedha taslimu dirishani: stempu, barua ya rejista, hawala ya posta, kodi ya mwaka ya sanduku la barua. Kadi ziliingia baadaye, na kadi ya mkopo bado ni ya watu wachache. Wengi wana kadi ya kawaida inayotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti, ile inayoitwa mtaani kadi ya ATM, au kadi isiyoshikika inayofunguliwa ndani ya huduma ya fedha ya simu kwa ajili ya kununua vitu mtandaoni. Watanzania wanaoishi Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Ulaya ndio hasa wanaokutana na kadi ya mkopo na makato ya mashirika ya posta ya huko. Wako pia wazazi nyumbani wanaopigiwa simu na watoto wao kuulizwa: "Mama, mmepokea mzigo wowote?"

Tofauti kati ya aina hizo za kadi ina uzito. Kwenye kadi ya mkopo, fedha inayokatwa ni ya benki, na mwenye kadi hupelekewa ankara mwisho wa mwezi; anaweza kupinga mstari mmoja kabla hajaulipa. Kwenye kadi ya ATM fedha imekwisha kutoka mfukoni mwake, naye anaomba irudishwe. Haki ya kulalamika ipo kote, lakini anayesubiri akiwa hana fedha yake huumia zaidi.

Namna mstari unavyoandikwa

Mstari mmoja wa taarifa huwa na tarehe, jina la mpokeaji malipo, mji, herufi mbili za nchi na kiasi. Jina hilo haliandikwi na benki ya mwenye kadi. Hutumwa na benki ya mpokeaji, na mifumo ya kadi huliacha na nafasi ya herufi kati ya 22 na 25 tu, yanayozidi hukatwa. Ndiyo maana huonekana maandishi kama "USPS PO" yakifuatwa na tarakimu nyingi. USPS ni Shirika la Posta la Marekani, PO ni ofisi ya posta, na tarakimu ni namba ya ofisi iliyopokea malipo. Herufi mbili za mwisho husaidia kuliko watu wanavyodhani: TZ ni Tanzania, KE Kenya, UG Uganda, GB Uingereza, US Marekani, CN China.

Nyuma ya mstari kuna namba nyingine ambayo taarifa nyingi haziionyeshi, nayo ni namba ya aina ya biashara yenye tarakimu nne. Posta za serikali hupewa 9402, na kampuni za kusafirisha vifurushi 4215. Mteja akipiga simu benki anaweza kuomba asomewe namba hiyo. Ikiwa jina linafanana na la posta lakini namba ya biashara ni ya kitu kingine kabisa, kuna sababu ya kuendelea kuuliza.

Tarehe nayo hupotosha. Siku ya kununua na siku ya muamala kuingizwa vitabuni zinaweza kupishana kwa siku mbili, tatu au zaidi, hasa penye mwisho wa wiki au sikukuu. Aliyenunua stempu Ijumaa anaona makato ya Jumanne, naye anaapa kwamba Jumanne hakutoka nyumbani. Pia kuna zuio: mfanyabiashara huomba benki itenge kiasi fulani kwanza, kisha hutoza kiasi halisi baadaye. Kwa siku chache mteja anaweza kuona mistari miwili ya ununuzi mmoja. Zuio huondoka lenyewe. Likibaki na kugeuka makato kamili, hapo mteja ametozwa mara mbili.

Kiasi hubadilika pia kwa sababu ya fedha za kigeni. Tuseme mtu wa Kayanga amelipia kitu cha dola 40, na dola ilikuwa shilingi 2,500 siku hiyo: hesabu ya kwanza ni shilingi 100,000. Benki ikiwa na ada ya asilimia 3 kwa malipo ya nje, huongezeka shilingi 3,000. Ada za benki Tanzania Bara zimetozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tangu Julai 2016, kwa asilimia 18. Kwa hiyo kama ada hiyo imetajwa bila kodi, shilingi 540 huongezwa. Jumla ni 103,540, na pengine imegawanyika katika mistari mitatu yenye majina tofauti. Mistari miwili midogo haina uhusiano na posta hata kidogo, ingawa imekaa chini ya jina lake.

Makato halali yanayosahaulika

Chanzo cha kawaida ni malipo yanayojirudia. Sanduku la posta la Marekani hukodishwa kwa miezi 3, 6 au 12, na mteja anaweza kuruhusu kadi yake itozwe yenyewe kila muda unapokwisha. Mwanafunzi aliyefungua sanduku akiwa chuoni, akahama bila kulifunga, atashangazwa na makato mwaka unaofuata. Kampuni binafsi ya Stamps.com, inayouza stempu za kuchapa nyumbani, si shirika la posta. Ni huduma ya kulipiwa kila mwezi, na huanza na muda wa majaribio. Anayejiunga ili achape lebo moja tu, asijiondoe muda wa majaribio unapokwisha, huanza kukatwa.

Chanzo cha pili ni kodi na ada za kupokea mzigo. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Tangu hapo, zawadi au bidhaa ndogo kutoka nje inaweza kumletea mpokeaji ankara ya kodi, pamoja na ada ya posta kwa kazi ya kuipitisha forodhani. Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani ndogo kutoka nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na mashirika mengi ya posta duniani yakasimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Jamaa anayetumiwa kahawa ya Kagera iliyokaangwa nyumbani anaweza kudaiwa fedha ambayo miaka mitatu iliyopita haikuwapo. Aliyetuma naye hakujua.

Cha tatu ni kubadili anwani. Marekani, anayehama anaweza kuiomba posta imhamishie barua zake kwenda anwani mpya. Akifanya hivyo kwa mtandao, hutozwa kiasi kidogo cha zaidi ya dola moja. Fedha hiyo si bei ya huduma: lengo ni kulinganisha anwani ya kadi na anwani ya zamani au mpya, ili posta ijue kwamba mwombaji ni yeye. Katika taarifa huonekana kama makato madogo ya USPS, na wengi huyapuuza. Zipo pia tovuti za watu binafsi zinazojifanya za posta na kutoza makumi ya dola kwa kazi hiyohiyo.

Upande wa Tanzania

Huduma ya posta ya umma nchini hutolewa na Shirika la Posta Tanzania. Kabla yake lilikuwapo shirika moja la posta na simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Mwaka 1993 kazi hizo ziligawanywa, simu ikaenda TTCL na posta ikabaki peke yake. Benki ya Posta ilikwisha kutenganishwa kwa sheria ya mwaka 1991, na tangu 2021 inaitwa Tanzania Commercial Bank. Wazee bado huiita "posta", na kijana anayesikia kwamba bibi "amekatwa na posta" afadhali aulize kwanza ni posta ipi: ya barua au ya akiba.

Shirika la Posta lina huduma ya haraka ya EMS, barua za rejista, vifurushi, masanduku ya barua, na huduma ya Posta Kiganjani, ambayo kwayo namba ya simu ya mteja hutumika kama anwani yake. Malipo ya taasisi za umma kwa kawaida hupitia kumbukumbu namba ya malipo katika mfumo wa serikali wa GePG. Mteja hupewa namba kwanza, kisha hulipa kwa benki, wakala au simu. Hivyo makato yanayotokana na malipo ya namna hii huwa na mtangulizi: kuna namba iliyoombwa, kuna ujumbe wa uthibitisho, kuna stakabadhi. Makato yasiyo na hata kimoja kati ya hivyo yanastahili maswali.

Mzigo kutoka nje ya Afrika Mashariki hupitia mikononi mwa forodha ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Ukitozwa ushuru, mpokeaji hupewa hati ya makadirio yenye thamani ya bidhaa, kiwango na jumla. Hati hiyo ndiyo ya kuombwa kila mara. Mtu akidai "ushuru wa mzigo" bila hati, anaomba fedha yake mwenyewe.

Mfano wa Songambele

Songambele ni kata ya Mkoa wa Kagera iliyokuwa katika Wilaya ya Karagwe hadi Wilaya ya Kyerwa ilipoundwa mwaka 2012. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na uchumi wake ni migomba, maharage na kahawa. Kama ilivyo vijijini kwingi nchini, familia chache huwa na sanduku lao la posta. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kutumia sanduku la shule, la parokia au la chama cha msingi cha ushirika, na barua ikaletwa na mwalimu au katekista. Utaratibu huo ulifaa kwa barua. Kwa vifurushi vilivyolipiwa kwa kadi una kasoro: jina la mwenye sanduku, jina la mpokeaji na jina la mwenye kadi ni ya watu watatu, na benki inapouliza nani aliagiza, hakuna anayejibu kwa uhakika.

Jina la mahali nalo linasumbua. Songambele ni jina linalopendwa: ipo kata nyingine ya jina hilo Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, na vijiji vya jina hilo viko mikoa mingine. Kifurushi kilichoandikwa "Songambele, Tanzania" kinaweza kuzunguka nchi. Aidha, mteja aliyebadilishiwa wilaya anaweza kuwa ameandikisha kadi yake kwa anwani ya Karagwe huku akijaza Kyerwa anaponunua. Baadhi ya wauzaji wa nje hulinganisha anwani mbili hizo. Zisipofanana, malipo hukataliwa baada ya zuio kuwekwa, na mteja huona fedha imetengwa wakati oda haipo.

Postikodi hupunguza tatizo hili. Katika mfumo wa Tanzania ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili pamoja na ya kwanza huonyesha mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Postikodi zote za Kagera huanza na 35. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba na barabara nyingi zimepewa namba na majina, vijijini pia. Anayejaza fomu ya kununua kitu mtandaoni aandike postikodi, kata, wilaya na mkoa, halafu namba ya simu inayopatikana. Asiridhike na jina la kijiji.

Namba ya ufuatiliaji

Njia nzuri ya kupima kama makato yanahusu kifurushi cha kweli ni kudai namba ya ufuatiliaji. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, una kanuni moja kwa wanachama wote: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi iliyotuma. Herufi ya kwanza E ni ya EMS, R ni ya rejista, C ni ya kifurushi. Kilichotumwa kutoka Tanzania huishia na TZ.

Tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, na mtu mwenye kalamu anaweza kuikagua mwenyewe. Chukua RR123456785TZ. Tarakimu nane za kwanza huzidishwa, moja baada ya nyingine, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7: yaani 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63 na 56. Jumla ni 204. Gawanya kwa 11, baki ni 6. Toa 6 katika 11, jibu ni 5, na 5 ndiyo tarakimu ya tisa. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Namba iliyobuniwa na tapeli asiyejua kanuni mara nyingi hushindwa hesabu hii. Inayofaulu bado si ushahidi kamili, kwani anaweza kunakili namba ya mzigo wa mtu mwingine. Kampuni binafsi za vifurushi zina namba zao ambazo hazifuati kanuni hii.

Utapeli

Aina iliyoenea ni SMS inayosema kifurushi kimezuiliwa kwa sababu ya anwani isiyokamilika au ada ndogo isiyolipwa, na kumtaka mpokeaji abofye kiungo na kuandika namba za kadi. Kiasi kinachodaiwa huwa kidogo makusudi. Lengo si ile dola moja; ni namba 16 za kadi, tarehe ya mwisho, tarakimu tatu za nyuma, na mara nyingine namba ya siri ya muda inayotumwa na benki. Tanzania ujumbe wa "ile fedha tuma kwenye namba hii" unajulikana hata na watoto. Huu wa kifurushi ni ndugu yake, ila amevaa koti la ofisi.

Wezi waliokwisha kupata namba za kadi huzijaribu kwa makato madogo kabla ya makubwa. Malipo ya posta yanafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa hayashtui mtu. Makato madogo ya kubadili anwani ambayo mwenye kadi hakuyaomba ni ya hatari zaidi: huenda mtu anahamisha barua zake ili apokee kadi mpya, hundi au nyaraka za kodi kwa jina lake. Posta ya Marekani hupeleka barua ya uthibitisho kwenye anwani ya zamani na mpya kila ombi linapofanywa, na barua hiyo haifai kutupwa pamoja na matangazo. Mtu akigundua ombi asilolifanya, benki peke yake haitoshi. Aripoti pia kwa ukaguzi wa posta, idara ya upelelezi ya shirika hilo.

Nchini Tanzania namba ya simu ya tapeli huripotiwa kwa SMS kwenda 15040, huduma iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) pamoja na kampuni za simu, na kosa lenyewe linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kupinga makato

Kabla ya kupiga simu benki inafaa kuuliza waliomo nyumbani, kutafuta barua pepe na SMS za wiki hiyo, na kuangalia kadi imeandikishwa katika tovuti zipi. Hatua hii huonekana ndogo, lakini anayepinga muamala alioufanya mwanawe hupoteza muda wa benki, na oda halali hufutwa.

Ikiwa hakuna anayeutambua, kadi hufungwa kwanza, kwa programu ya simu au kwa kupiga huduma kwa wateja kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Namba iliyo kwenye SMS ya mashaka haipigwi. Kisha malalamiko huandikwa yakiwa na tarehe, kiasi na jina kama lilivyo kwenye mstari, bila kulisahihisha. Benki hutuma dai kwa benki ya mpokeaji, na mpokeaji hutakiwa kuonyesha ushahidi wa mauzo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 humpa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu ankara ilipotumwa kupinga kosa kwa maandishi, na kikomo cha hasara yake kwa matumizi yasiyoidhinishwa ni dola 50. Katika mifumo ya kadi ya kimataifa muda wa kudai huwa na ukomo, hivyo taarifa inayosomwa mara moja kwa mwaka inaweza kuwa imechelewa kwa makato ya mwanzo.

Tanzania, Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Mteja huanza na benki yake, akiomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asiporidhika hulipeleka Benki Kuu. Lalamiko juu ya huduma ya posta yenyewe, kwa mfano mzigo uliolipiwa haukufika, huanzia ofisi ya posta iliyoupokea, na lisipotatuliwa hupelekwa TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 na kusimamia posta pamoja na simu na utangazaji. Kwa mzigo wa kimataifa anayeanzisha ufuatiliaji kwa kawaida ni mtumaji katika nchi yake, kwa kuwa ndiye aliyeingia mkataba na posta na ndiye mwenye stakabadhi. Mpokeaji wa Songambele hulazimika kumpigia aliyeko Minneapolis au Toronto aende dirishani huko na namba ya ufuatiliaji mkononi.

Fedha ikirudishwa, taarifa huonyesha mstari mpya wenye alama ya jumlisha au herufi CR. Kiasi kinaweza kutofautiana kidogo na kilichokatwa, kwa sababu dola imebadilika bei kati ya siku hizo mbili, na ada ya ubadilishaji huenda isirudi mpaka iombwe yenyewe.